Waliopiga Krismasi Marufuku Walikuwa Watu wa Kanisa

Kila Desemba vita ni vile vile. Tarehe 1 ikigonga tu, mtu anaposti ati Yesu hakuzaliwa Desemba. Mwingine anamjibu na aya tatu za Biblia na tusi moja. Halafu anakuja yule wa kuandika kwa herufi kubwa, anasema Krismasi imeibwa na masupamaketi na watu wa pombe, na kwamba zamani watu walikuwa wanaiheshimu. Hapo kwa "zamani" ndipo mimi hukwama. Zamani gani, wasee? Hebu mtu anipe mwaka.

Sitaki kubishana. Mimi ni Mkristo, kanisa naenda, na nikikuambia hii siku inafaa kuwa ya Yesu kwanza, naamini hivyo kabisa. Lakini kutetea imani na historia ya kubuni kunaniudhi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma, lakini maktaba ya umma haikuulizi kama una digrii, na hii miezi ya mwisho nimekuwa nikisoma kuhusu watu waliojaribu kuiweka Krismasi iwe ya imani. Kuna waliotumia mahubiri, kuna waliotumia askari na bunduki, na kuna mmoja aliyetumia ng'ombe. Nianze na wa mahubiri juu yeye ndiye wa kitambo zaidi.

Karibu mwaka 380, kwa jiji la Constantinople, hilo ambalo leo ni Istanbul, kulikuwa na mhubiri anaitwa Gregory wa Nazianzus. Alisimama akahubiri kuhusu kuzaliwa kwa Kristo, na kabla afike mbali akaanza kuwapa watu orodha ya mambo ya kuacha. Tusipambe milango. Tusipange densi. Tusijaze meza vyakula vya kujionyesha na mvinyo wa bei, tukishindana nani atazidi nani, na kuna wenzetu walioumbwa kwa udongo ule ule wanalala njaa. Hiyo ni zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Hakukuwa na supamaketi, hakukuwa na matangazo ya soda, na malalamiko ni yale yale neno kwa neno karibu. Sasa jiulize, kama mwaka 380 mchungaji alikuwa tayari analia kwamba watu wanakula sana na kusahau, hiyo Krismasi safi ya zamani ilikuwa lini?

Na kumbuka wakati huo sikukuu yenyewe ilikuwa changa. Kwa Biblia, ni Mathayo na Luka pekee wanaosimulia Yesu akizaliwa. Marko anaanza akiwa mtu mzima anaenda kubatizwa. Hakuna hata mmoja anayetaja tarehe. Mwaka 200 hivi, Clement wa Alexandria, pale Misri, anaandika kwamba kuna watu wanakisia siku, wengine Aprili, wengine Mei. Baada yake Origen, msomi mkali sana, anasema kwa Maandiko wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ni watu kama Farao na Herode. Yaani kwake birthday ilikuwa mambo ya wenye dhambi. Tarehe 25 Desemba tunaipata kwa kalenda moja ya Roma iliyokusanywa mwaka 354, na wasomi wanaona hiyo sehemu yake inarudi hadi 336. Na mwaka 386, John Chrysostom anawaambia watu wa Antiokia, mji ule ule ambao wanafunzi waliitwa Wakristo mara ya kwanza, kwamba hii sikukuu haijamaliza hata miaka 10 tangu iwafikie.

Kwa nini 25? Kuna wanaosema ni kwa sababu ya sikukuu ya jua, maanake Kaizari Aurelian aliinua sana ibada ya Jua Lisiloshindwa mwaka 274. Kuna wanaosema Wakristo walipiga hesabu tu: waliamini mimba ya Yesu iliingia Machi 25, ongeza miezi tisa, umefika. Wanahistoria bado wanavutana. Mimi binafsi hesabu ya Machi naiona ina nguvu, lakini ukweli ni kwamba sioni inabadilisha nini. Majirani zetu Waethiopia wanaadhimisha Januari 7, wanaiita Genna, maelfu wanafika Lalibela wamevaa nguo nyeupe kukesha kando ya makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Ukienda kuwaambia tarehe si sahihi watakuangalia tu.

Sasa tufike kwa bunduki, hapa ndipo hadithi imejaa.

Uingereza ya miaka ya 1600, Krismasi haikuwa siku moja. Ilikuwa siku 12, kuanzia 25 Desemba hadi Januari 5. Watu wanaacha kazi, wanakunywa, wanacheza kamari, makundi yanazunguka nyumba hadi nyumba yakiimba na kudai pombe na chakula, na ukiwanyima wanakukumbuka. Ndani ya kanisa la nchi hiyo kulikuwa na watu walioitwa Wapuritani. Neno lenyewe linatoka kwa kusafisha. Walitaka kanisa lisafishwe kila kitu ambacho hakiko kwa Biblia. Na wao wakiangalia Krismasi waliona makosa matatu. Moja, haijaamriwa popote kwa Maandiko. Mbili, jina lenyewe ni la Kikatoliki: ile "masi" ya mwisho kwa Krismasi ni misa, na misa hawakutaka kuisikia. Tatu, watu wanamwaibisha Kristo zaidi kwa hizo siku zake 12 kuliko mwaka mzima uliobaki. Hiyo ya tatu ukiisoma polepole ni posti ya juzi tu. Ni ile ile.

Tofauti ni kwamba hawa walipata serikali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642 kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, Wapuritani walikuwa na nguvu ndani ya Bunge. Walikuwa tayari wameweka Jumatano ya mwisho wa kila mwezi kuwa siku ya kufunga na kuomba. Mwaka 1644, 25 Desemba ikaangukia Jumatano hiyo hiyo. Kula ama kufunga? Bunge likaamua: mtafunga, na mtafunga kwa uzito zaidi, kwa sababu ya dhambi za mababu zenu waliogeuza siku hii kuwa ya anasa. Juni 1647 wakamaliza kabisa. Krismasi, Pasaka na Pentekoste zikafutwa kama sikukuu kwa sheria. Watu hupenda kusema ni Oliver Cromwell aliyepiga Krismasi marufuku, lakini yeye alikuja kuitawala nchi mwaka 1653. Sheria ilikuwa imeshapita. Ni kazi ya Bunge zima, watu wa kuomba asubuhi na jioni.

Kuna kitu kidogo hapo kwa sheria ya 1647 ambacho watu hupita haraka. Wafanyakazi wa nyumbani, vijana wanaojifunza kazi kwa mafundi, na wanafunzi, hao sikukuu ndizo zilikuwa mapumziko yao pekee. Ukifuta sikukuu umewaambia wafanye kazi mwaka mzima. Bunge likalazimika kuwapa Jumanne ya pili ya kila mwezi wapumzike. Hiyo Jumanne ikumbuke, nitairudia.

Krismasi ya kwanza chini ya hiyo sheria, mji wa Canterbury ukalipuka. Canterbury si kijiji tu, ndio makao ya Askofu Mkuu wa Anglikana hadi leo. Meya akatangaza 25 Desemba 1647 ni siku ya soko kama siku nyingine, maduka yafunguliwe. Waliofungua walikuwa wachache sana. Umati ukawaambia wafunge, wakakataa, bidhaa zikatupwa barabarani. Mtu akaleta mipira, watu wakaanza kucheza katikati ya mji, kumbe mpira nao ulikuwa mbinu ya kukusanya watu. Matawi ya kijani yakatundikwa milangoni. Meya akaangushwa chini. Serikali ikaleta askari, watu wakakamatwa, lakini kesi ilipofika mwaka uliofuata jopo la raia likakataa kuwashtaki. Hasira hiyo ikamwagikia kaunti nzima ya Kent na kuwa sehemu ya vita vipya vya 1648. Vita, manze. Kwa sababu ya maduka kufunguliwa Krismasi.

Lakini ile inayonigusa zaidi haina mpira wala kelele. Tarehe 25 Desemba 1657, bwana mmoja anaitwa John Evelyn, mtu aliyeandika shajara maisha yake yote, alienda na mkewe kwa kanisa dogo London kuadhimisha Krismasi. Mahubiri yakaisha, wakaanza kupokea Meza ya Bwana. Askari wakazunguka jengo. Anaandika kwamba walipokuwa wakisogea mbele kupokea, askari walikuwa wamewaelekezea bunduki kana kwamba watawafyatulia pale pale madhabahuni. Hakuna aliyekimbia. Walipokea wakamaliza. Baadaye wakashikwa, na mchana maafisa wa jeshi wakamhoji: mbona umevunja sheria, na mbona unamwombea Charles Stuart, mwana wa mfalme tuliyemkata kichwa? Evelyn akajibu hatukumtaja, tuliwaombea wafalme wote Wakristo. Wakamwambia basi umemwombea hata mfalme wa Uhispania, adui yetu. Mwishowe wakamwachilia, hawakuwa na kesi.

Hebu ona hiyo picha vizuri. Upande mmoja kuna Mkristo ameshika bunduki kwa sababu anaamini analinda heshima ya Kristo. Upande mwingine kuna Mkristo amepiga magoti kupokea mkate. Wote wawili wangekuambia wanataka imani ibaki katikati. Na ni siku moja kati ya siku zote ambayo inasimulia mtoto asiye na silaha. Mwaka 1660 mfalme akarudi, sheria zote hizo zikahesabiwa si kitu, Krismasi ikarudi na pombe yake yote. Ile miaka 13 ya nguvu haikuwafanya watu wawe wacha Mungu zaidi. Iliwafanya watamani keki.

Wenzao waliovuka bahari kwenda Marekani walikuwa na njia yao. Wale wa meli ya Mayflower walifika 1620, na Krismasi yao ya kwanza walishinda wakijenga nyumba. Mwaka uliofuata wakaja wageni wapya. Asubuhi ya 25 Desemba 1621 gavana wao, William Bradford, akawaita watu kazini kama kawaida, wale wapya wakasema dhamiri haiwaruhusu kufanya kazi siku hiyo. Bradford akasema sawa, kama ni dhamiri nawaacha hadi mwelewe. Akaenda shambani na wengine. Kurudi saa sita mchana, anakuta wale wa dhamiri wako barabarani, mwingine anarusha chuma, mwingine anacheza mpira. Akawanyang'anya vifaa. Akawaambia, na mimi pia dhamiri yangu hairuhusu ninyi mcheze na wenzenu wanafanya kazi. Kama mnaiadhimisha kwa ibada, kaeni kwa nyumba zenu.

Mimi hucheka kila nikiisoma, kwa sababu jamaa amewashika. Hilo swali lake ni halali hadi leo: wewe unayesema Desemba 25 ni ya Yesu, saa sita mchana uko wapi? Lakini koloni la jirani, Massachusetts Bay, likalitoa kutoka kwa mzaha likalifanya sheria. Mwaka 1659 wakaweka faini ya shilingi 5 kwa yeyote atakayepatikana akiadhimisha Krismasi kwa kuacha kazi ama kufanya karamu. Shilingi 5 za enzi hizo si za kununua peremende. Sheria ikafutwa 1681 kwa presha ya London, na bado Massachusetts haikuifanya Krismasi sikukuu rasmi hadi 1856. Wamarekani wanaolia leo kwenye runinga zao kwamba kuna vita dhidi ya Krismasi, vita vya kwanza vilianzishwa na wazee wao wa kanisa.

Sasa hiyo yote unaweza kusema ni ya wazungu, inatuhusu wapi. Inatuhusu kwa sababu ya Thogoto.

Shosho yangu ni PCEA tangu azaliwe. PCEA imetoka kwa misheni ya Scotland iliyofika Kibwezi 1891 halafu ikahamia Kikuyu 1898, na lile jina Thogoto ni vile wenyeji walivyolitamka neno la Scot. Sasa huko Scotland, Matengenezo ya Kanisa yalipoingia 1560, sikukuu kama Krismasi ziliondolewa kwa sababu haziko kwa Biblia. Mwaka 1640 Bunge lao likafuta hata likizo yake. Uingereza ilirudisha Krismasi 1660, lakini Scotland kazi iliendelea. Unajua Krismasi ilikuja kuwa siku ya mapumziko rasmi Scotland lini? 1958. Yaani wamisionari wa kwanza wa Thogoto walitoka kwa nchi ambayo mtu wa kiwanda aliamka 25 Desemba akaenda kazini kama Jumanne yoyote.

Nilimwambia Shosho hiyo. Akaniangalia, akaendelea kuchambua maharagwe, akasema, "Basi hiyo hawakutufundisha wao, tulijifundisha wenyewe." Sijui kama ni historia kamili. Wakatoliki walikuwa na misa ya usiku, Waanglikana wana kitabu chao cha sala chenye Krismasi ndani, kwa hivyo kila mtu alikuta kitu kwa jirani. Lakini Shosho ana hoja. Hii Krismasi yetu ya kupanda gari kwenda ushago, mbuzi kuchinjwa, chapati hadi mtu anashindwa kupumua, watoto kushonewa nguo mpya, watu wa mji kukutana na wazee mara moja kwa mwaka, hiyo haikuletwa na meli. Ilitengenezwa hapa. Kwa hivyo mtu akiniambia mbuzi ni upagani ulioingia Krismasi, namwuliza, mbuzi wa nani?

Na hapo ndipo namleta yule wa ng'ombe.

Mwaka 1223, Francis wa Assisi alikuwa mgonjwa, macho yanamsumbua, amebakisha miaka mitatu ya kuishi. Wiki mbili hivi kabla ya Krismasi akamwita rafiki yake mmoja, bwana mwenye mali kwenye kijiji cha Greccio, milimani huko Italia. Akamwomba amtayarishie hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi mtoto alivyokosa hata vitu vidogo vya mtoto, alivyolazwa kwa nyasi kati ya wanyama. Usiku wa Krismasi watu wa vijiji wakapanda kilima na mienge na mishumaa. Misa ikasomwa juu ya lile hori. Francis hakuwa padri, alikuwa shemasi, kwa hivyo aliimba Injili na kuhubiri. Thomas wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache tu baadaye, hataji sanamu wala waigizaji wa Mariamu na Yosefu. Hori, nyasi, ng'ombe, punda na hadithi. Kila pango la Krismasi unaloona kwa makanisa ya Katoliki, na kila mchezo wa watoto wa Sunday school ambapo Yosefu amechorwa ndevu na makaa, unaweza kumshukuru yeye kwa sehemu kubwa.

Alichofanya Francis si kupunguza sherehe. Alisimulia. Watu wengi pale hawakujua Kilatini, misa ilikuwa inapita juu ya vichwa vyao mwaka baada ya mwaka. Yeye akaweka harufu ya ng'ombe ndani ya ibada. Mkulima wa Greccio alijua harufu hiyo ni ya nini. Ni ya nyumbani kwake.

Na usifikiri alikuwa mtu wa kukunja uso. Huyo huyo Thomas anasimulia kwamba Krismasi moja iliangukia Ijumaa, siku ambayo watawa hawali nyama. Ndugu zake wakawa wanajadiliana, ndugu mmoja anaitwa Morico akasema haifai. Francis akamwambia unakosea kuiita siku hiyo Ijumaa, akasema angetamani hata kuta zile nyama siku hiyo, na kama haziwezi basi zipakwe kwa nje. Kuta, wasee! Mtakatifu kabisa anataka kupaka ukuta nyama. Kisha akaendelea: alitaka siku hiyo matajiri wawashibishe maskini na wenye njaa, ng'ombe na punda waongezewe chakula, na alisema angekutana na Kaizari angemwomba atoe amri watu wamwage nafaka barabarani ili ndege nao wale. Kumbe kuna mtu mmoja kwa historia aliyetaka serikali iingilie Krismasi na mimi nakubaliana naye.

Santa nitampitia mbio. Nicholas alikuwa askofu wa Myra, Uturuki ya leo, karne ya nne, anakumbukwa kwa kutoa kwa siri. Wadachi na Wamarekani wakamgeuza, shairi moja la 1823 kwa gazeti la mji wa Troy, New York, likampa paa wa kumvuta, na Coca-Cola wakaanza kumtumia yule mzee mnene wa Haddon Sundblom mwaka 1931. Hawakumbuni, na nguo nyekundu alikuwa nayo kabla yao. Simchukii. Kumvalisha manyoya pale Mombasa kwa joto la Desemba ndio ukatili. Lakini kama kuna mtu ameketi kwa kiti cha Yesu kwa Krismasi yetu hapa Nairobi, sidhani ni Santa. Watoto wa mtaa wetu wengi hata hawamngoji.

Rudi kwa ile Jumanne. Bunge la 1647 lilisahau kwamba sikukuu ni ya kupumzisha watu wa chini hadi vijana wa kazi walipolia. Binamu yangu, msichana wa rika langu, ni keshia kwa supamaketi moja hapa jijini, jina nitaliacha. Hii itakuwa Desemba yake ya nne. Hajawahi kufika ushago tarehe 25, na hajawahi kufika ibada ya Krismasi tangu aandikwe, kwa sababu siku hiyo duka linafunguliwa na wao wadogo ndio wanapangwa zamu. Aliomba ruhusa mwaka jana ya asubuhi tu, aende kanisani arudi saa saba. Akaambiwa aliyechoka na kazi aseme, kuna foleni ya wanaoitaka. Na unajua nani hujaza foleni yake kuanzia saa sita? Sisi. Watu wametoka ibada wamevaa vizuri, mahubiri yalikuwa kuhusu Krismasi kupotea, sasa tumepungukiwa na soda na royco. Anasema kuna mwaka mama mmoja alimwambia, "Kwani wewe huendi kanisa?" na hakujua amjibu nini juu mama alikuwa ameshika Biblia na trei ya mayai.

Hao watu wa herufi kubwa, hiyo ndiyo posti nangoja waandike. Mambo ya taa na miti ya plastiki achana nayo. Gregory mwaka 380 alilia kuhusu mapambo, lakini pia alitaja aliyeumbwa kwa udongo ule ule, na hiyo nusu ya mahubiri huwa tunairuka. Wapuritani walijua Biblia kutuzidi wote na walikosa kumwona kijana wa fundi. Wachungaji wa kondoo kwa Luka walikuwa wapi malaika wakiwafikia? Zamu ya usiku. Hawakuwa wameomba ruhusa.

Mwaka huu nyumbani tumebadilisha mpango. Binamu anatoka kazini tarehe 24 saa tatu usiku, kwa hivyo mimi na mamangu tunalala kwake, tunaenda naye kesha kwa kanisa la hapo mtaani, na asubuhi anaenda zamu yake. Soda tumenunua mapema, kreti mbili, ziko chini ya kitanda. Ushago tunapanda pamoja tarehe 26 na gari la alfajiri, nauli itakuwa imeshuka kidogo. Mbuzi atangoja. Mjomba amelalamika kwa grupu ya familia kwamba haijawahi kutokea Krismasi ikaliwa tarehe 26, ati ni mambo ya kizungu. Nimemtumia ile ya Thogoto na 1958, akasoma, hakujibu. Shosho ndiye aliyemaliza maneno: ameuliza tu kama mbuzi atapewa majani ya kutosha hizo siku mbili za kungoja.